Ulipeleka unga, ukapiga selfi. Utarudi lini?

Hebu tuanze na picha unayoijua. Ni wiki moja kabla ya Krismasi. Vijana kama ishirini hivi, fulana za rangi moja, wamesimama nje ya makao ya watoto. Mbele yao wamepanga unga, mchele, sabuni, sodo na kreti mbili za soda. Kando, watoto wamepangwa kwa urefu. Mmoja ananyanyua simu, wote wanatabasamu, na kabla matatu waliyokodi haijatoka langoni, picha iko mtandaoni ikivuna mioyo.

Pengine wewe mwenyewe umo kwenye picha hiyo. Sikusuti. Unga ni unga, na mtoto aliyeshiba siku ile alishiba kweli. Lakini nina swali moja tu, na nakuomba usilikimbie: ulirudi Februari?

Swali hilo ni la kale kuliko simu na kuliko makao ya watoto. Katika Kanisa Katoliki kuna watu waliolichukulia kwa uzito mkubwa, wakajenga juu yake namna nzima ya kuishi na kusali. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wa chuo kama wewe, wenye kodi ya keja ya kulipa na mitihani ya kufanya. Wacha nikupe stori yao, hata kama wewe si Mkatoliki, hata kama mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa harusi ya binamu yako.

Chakula kingi, siku moja

Mwaka ni 1617, mwezi wa Agosti. Katika mji mdogo wa Châtillon, mashariki mwa Ufaransa, padri anajitayarisha kuadhimisha Misa. Anaambiwa kuna familia nje kidogo ya mji ambayo wote ni wagonjwa. Hakuna hata mmoja wa kumpa mwenzake maji. Padri anapanda mimbari na kuwaeleza waumini hali ilivyo.

Alasiri, padri anatoka kwenda kuwaona wagonjwa hao. Njiani anakuta umati. Wengine wanaenda, wengine wanarudi, na kwa kuwa jua ni kali, wengine wameketi kando ya barabara wakipumzika. Kila mtu amebeba kitu. Mikate, nyama, divai. Mahubiri yamefaulu kupita kiasi.

Mwingine angefurahi akaenda zake kulala. Padri huyu alifurahi, lakini akaona kasoro. Chakula chote kile kimefika siku moja. Kingine kitaoza. Wiki ijayo watu wamesharudi kwa shughuli zao, na familia ile iko pale pale ilipokuwa. Watu hawakukosa huruma, walikosa mpango.

Padri huyo aliitwa Vincent de Paul. Siku chache baadaye aliwakusanya akina mama wa mji huo, wakaanzisha chama chenye zamu. Leo ni wewe, kesho ni mwenzako, keshokutwa ni yule. Akawaandikia kanuni, na ukizisoma utashangaa jinsi zilivyoshuka hadi kwenye mambo madogo. Mwenye zamu apike chakula mwenyewe. Akifika, amsalimie mgonjwa kwa uchangamfu, amwandalie meza, atandike kitambaa safi, amnawishe mikono. Halafu kuna hili: aanze na mgonjwa aliye na mtu wa kumtunza, na amalizie na yule aliye peke yake kabisa. Kwa nini? Ili asiwe na haraka ya kuondoka, akae naye kwa muda mrefu zaidi.

Soma tena hapo. Mtu aliwaza ni nani atembelewe mwisho ili asiharakishwe. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupeleka msaada na kumtembelea mtu.

Kijana aliyetaka kuomoka

Usidhani Vincent alizaliwa na roho ya utakatifu. Alizaliwa 1581 katika familia ya wakulima kusini-magharibi mwa Ufaransa, na ndoto yake ilikuwa ile ile unayoisikia kila siku mtaani: kuomoka. Alipata upadri akiwa na miaka 19, umri mdogo hata kwa wakati ule, na kwa miaka mingi alikuwa akisaka cheo cha kanisa chenye mapato mazuri ili aikimu familia yake na kupumzika mapema. Uzeeni alikiri mwenyewe kwamba alipokuwa mwanafunzi aliona aibu kuonekana na babake, kwa sababu mzee alikuwa akichechemea na nguo zake zilikuwa duni.

Manze, ni wangapi kati yetu wamewahi kumwambia mzazi ashukie stendi ya mbali ili mabeshte wasimwone?

Mtu aliyeona aibu kwa umaskini wa babake ndiye baadaye aliyewafundisha wengine kuwaita maskini mabwana zake. Alimaanisha hivyo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Yesu anasema lolote alilotendewa mwenye njaa, mgeni, mgonjwa au mfungwa alitendewa yeye. Wengi huisikia sura hiyo kama mfano mzuri wa kuhubiria. Vincent aliichukua kama anwani. Ukitaka kumpata Kristo, nenda pale.

Mnamo 1633, yeye na mjane aliyeitwa Louise de Marillac walianzisha Mabinti wa Upendo. Wakati huo mtawa alitarajiwa kuishi nyuma ya ukuta. Mabinti hawa, wengi wao wasichana wa mashambani, walitumwa mitaani. Vincent aliwaambia makao yao ya kitawa ni nyumba za wagonjwa na ukumbi wao ni barabara za mji. Na ikiwa uko katikati ya sala halafu mgonjwa abishe hodi? Nenda, alisema. Hujamwacha Mungu. Umemwacha Mungu upande huu ili umkute upande ule.

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe. Kwa watu hawa kumhudumia maskini hakukuwa kazi ya ziada baada ya kusali, bali mahali pengine pa kusalia.

Sasa tuwaone wanafunzi

Chukua chaja ya simu yako uisome. Utaona imeandikwa 2A au 3A. Hiyo A ni ampea, kipimo cha mkondo wa umeme kilichopewa jina la mwanasayansi Mfaransa, André-Marie Ampère. Mapema miaka ya 1830, Ampère alimkaribisha nyumbani kwake Paris mwanafunzi kutoka Lyon aliyeitwa Frédéric Ozanam.

Ozanam alikuwa akisomea sheria kwa sababu babake alitaka hivyo, ilhali moyo wake ulikuwa kwenye fasihi. Unalijua tatizo hilo. Babake alikuwa daktari aliyewatibu watu wengi wasio na pesa. Nyumbani walizaliwa watoto 14, na wengi wao walikufa wangali wadogo.

Paris aliyoikuta kijana huyo ilikuwa ngumu. Mwaka wa 1832 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 18,000 mjini humo, na mitaa ya maskini ndiyo iliyoumia zaidi. Chuoni, Ozanam na wenzake walikuwa na kikundi cha mijadala. Walibishana kuhusu historia, dini na siasa, kila upande ukitetea wake, kama tunavyofanya sisi usiku kucha mpaka bando iishe.

Katika mjadala mmoja, wapinzani wao waliwarushia swali zito. Walikubali kwamba zamani Ukristo ulifanya makuu. Lakini leo? Nyinyi mnaojigamba kuwa Wakatoliki, mnafanya nini?

Ozanam hakujibu kwa hotuba. Husimuliwa kwamba yeye na rafiki yake mmoja walichukua kuni zilizobaki za kuotea moto chumbani, wakampelekea mtu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Kisha tarehe 23 Aprili 1833, wanafunzi sita walikutana katika ofisi ya gazeti pamoja na mwalimu wao, Emmanuel Bailly, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti hilo. Siku hiyo Ozanam alitimiza miaka 20. Hakukuwa na keki. Kulikuwa na ajenda moja: tuanze kuwatembelea maskini majumbani mwao.

Walikuwa na nia, lakini hawakujua pa kuanzia, na hapo ndipo walipoonyesha akili. Walikwenda kwa mtu anayejua. Katika mtaa wa Mouffetard kulikuwa na Sista Rosalie Rendu, mmoja wa Mabinti wa Upendo, ambaye alihudumu hapo kwa zaidi ya miaka 50. Yeye ndiye aliyewapa majina ya familia za kutembelea, vocha za mikate na kuni, na ushauri. Wawe na subira. Wasikilize. Wasifike mlangoni na lawama mdomoni kuhusu jinsi mtu alivyojiingiza kwenye shida.

Walikwenda wawili wawili. Kila wiki walikutana tena kuelezana walichokikuta. Mwishoni mfuko ulipitishwa, kila mmoja akatia alichokuwa nacho bila kuonyesha. Hakuna aliyejua nani kaweka nini.

Chama hicho kilichukua jina la Mtakatifu Vincent de Paul. Leo kiko katika takriban nchi 150, Kenya ikiwemo. Pengine umewahi kuwaona baada ya Misa, wazee na akina mama wachache wenye daftari, ukafikiri ni kamati ya mazishi. Chama chao kilianzishwa na watu wa umri wako.

Tarehe 25 Juni

Najua unachofikiria sasa. Mikate na kuni ni sawa, lakini mbona mtu awe maskini kwanza? Mbona tupelekeane unga ilhali walioiba pesa za hospitali wanakaa viti vya mbele kanisani?

Ozanam alifika kwenye swali hilo, na si kwa kusoma kitabu. Alifika kwa kupanda ngazi za nyumba zile zile wiki baada ya wiki. Ukitembelea familia mara moja unaona njaa. Ukirudi mara ya kumi unaona mshahara usiotosha, kodi inayopanda na kibarua kinachokatizwa bila notisi. Akiwa mhadhiri wa sheria ya biashara mjini Lyon mnamo 1840, alifundisha kwamba mfanyakazi anastahili malipo ya kumwezesha kuishi, si tu kiasi ambacho tajiri amependa kumpa. Pia alieleza tofauti kwa kutumia hadithi ya Msamaria Mwema: upendo hufunga vidonda vya aliyevamiwa njiani, lakini ni kazi ya haki kuhakikisha watu hawavamiwi kwenye barabara ile.

Mwezi wa Juni 1848 Paris ilipasuka. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kuwapa kazi watu wasio na ajira, fikiria kitu kama Kazi Mtaani, halafu ikaufunga. Wafanyakazi wakajenga vizuizi barabarani na jeshi likatumwa. Ozanam na wenzake wawili walimwendea Askofu Mkuu wa Paris, Denis Affre, wakamwomba ajaribu kuleta amani. Askofu alikubali. Jioni alikwenda kwenye vizuizi akapigwa risasi, akafa siku mbili baadaye. Maelfu ya watu walipoteza maisha katika siku zile.

Alipigwa risasi tarehe 25 Juni. Kijana wa Kenya hahitaji kukumbushwa tarehe hiyo. Miaka 176 baadaye, mwaka wa 2024, siku hiyo hiyo, damu ya vijana ilimwagika Nairobi nje ya Bunge. Matukio ni tofauti na nchi ni tofauti. Lakini mtu aliyeandamana siku ile kwa sababu ya bei ya mkate na yule aliyewapelekea majeruhi maji na bandeji hawakuwa kambi mbili. Mara nyingi alikuwa mtu yule yule.

Na kanisa lenyewe halikwepi swali hili. Novemba 2024, baada ya Rais kutoa mchango katika kanisa la Soweto, Embakasi, Jimbo Kuu la Nairobi lilitangaza kwamba pesa hizo zitarudishwa. Wengi walishangilia mtandaoni. Lakini fikiria maana yake kwako wewe na fulana yako ya rangi moja. Ikiwa msaada wa mwanasiasa una harufu kwa sababu umeletwa na kamera, wetu unanukia nini?

“Lakini mimi mwenyewe sina doo”

Hiki ndicho kisingizio kikubwa, na nakubali ni cha kweli. Kazi hakuna, mkopo wa simu unakudai, na nyumbani wanangoja utume kitu. Utamsaidia nani?

Nikurudishe kwa wale wanafunzi sita. Hawakuwa matajiri. Walichotoa zaidi ni muda na miguu, na wewe unavyo vyote viwili. Tunapenda kusema kutoa ni moyo si utajiri, hasa harambee ikidorora. Lakini tunaisema tukiwaza pesa tu. Kurudi pia ni moyo.

Wengine watakwambia kusaidia ni kuwazoesha watu kuomba. Hapo pia Vincent alikuwa macho. Vita vilipoharibu mashamba ya Ufaransa, watu wake walipeleka chakula, kisha wakapeleka mbegu na vifaa ili wakulima wainuke wenyewe. Lakini utajuaje kama mtu anahitaji unga au jembe, au charahani, au mtu wa kumsindikiza ofisini akafuatilie kitambulisho, ikiwa hujawahi kuketi kwake?

Nchini kwetu njia ya kuanzia ipo karibu kuliko unavyofikiri. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kanisa lijengwe katika jumuiya ndogo ndogo, majirani wanaokutana nyumba hadi nyumba. Vijana wengi huziona kama mambo ya wazazi. Lakini mama mwenyekiti wa jumuiya ndiye Sista Rosalie wa mtaa wako. Anajua ni nani hajaonekana wiki mbili, ni nani amelazwa, ni mtoto gani amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Muulize. Ikiwa wewe ni wa dini nyingine au huna dini, yuko mtu kama huyo msikitini, kwenye chama, au pale kwa kibanda cha mboga.

Papa Fransisko alipotembelea Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, hakuwahurumia wenyeji kama watu wasio na kitu. Alikemea unyakuzi wa ardhi na ukosefu wa maji, lakini pia alisema mitaa kama ile ina hekima yake, ya watu kushikana na kugawana kidogo walicho nacho, hekima ambayo wenye mali wameisahau. Kwa maneno mengine, ukienda, nenda pia kama mwanafunzi.

Mara ya pili

Acha nikwambie kwa nini hatukurudi Februari. Si uvivu tu. Mara ya kwanza ni rahisi. Uko na kikundi, mna vitu mikononi, mnaimba, mnaondoka. Mara ya pili mikono ni mitupu, au umeshika nusu kilo ya sukari tu, na sasa huwezi kujifanya humjui mtu. Una jina lake. Ukikaa sana ataanza kukuuliza kuhusu maisha yako, na pengine utamwambia ukweli.

Fikiria basi. Ni Jumamosi jioni, Mukuru au Mathare au Bangladesh kule Mombasa. Uko na mwenzako mmoja. Hakuna fulana, simu iko mfukoni. Mnaruka mtaro, mnafika kwenye mlango wa mabati wa Shosho mliyemletea unga Desemba.

“Hodi, Shosho.”

“Karibuni. Ni nani?”

Mnajitaja. Kunakuwa kimya kidogo ndani, kisha mlango unafunguka. Anawatazama mikono, halafu nyuso.

“Ni nyinyi wale wa Krismasi? Mmerudi?”

“Tumekuja tu kukuona, Shosho.”

Anavuta kigoda, anapangusa kiti cha plastiki kwa leso yake na kukwambia uketi. Unaketi. Hujui la kusema, na hakuna shida, kwa sababu Shosho anajua. Anawasha stovu, anateleka maji, anatafuta vikombe viwili visivyofanana. Anakumiminia chai ya rangi. Kisha anakuuliza swali ambalo hujaulizwa na mtu yeyote wiki nzima hapa mjini.

“Wewe mjukuu wangu, umekula leo?”

Mjibu ukweli. Kisha kabla ya kuondoka, mwambie siku utakayorudi.